Mistari Mitano Tu, Lakini Usiifiche Kwenye Laptopu Yako

Mama alinikuta macho saa kumi na moja alfajiri, akijiandaa kwenda shamba.

"Wewe hujalala?"

"Bado, mama."

"Hiyo kazi inakulipa?"

"Hapana, hailipi."

"Sasa inamfaa nani?"

Akachukua jembe akaenda. Mimi nikabaki pale na swali lake, na laptopu yenye moto kama jiko. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekesha usiku mzima kwa sababu ya mistari mitano. Tena ukiangalia vizuri ni mstari mmoja, umeandikwa mara 5 kwenye faili 5 tofauti.

Wasee, leo naongelea hiyo mistari. Najua wengi wenu mnanifuata kwa video za Wenje, maembe, mto na vituko vya boda. Lakini kuna vijana wengi hapa wanaojifunza kuprogramu kwa simu ya kuazima na laptopu ya mtumba, na kuna kitu nataka kuwaambia bila kuzunguka: ukikuta kitu kimekosekana kwenye programu huria, ukakitengeneza, usikifiche nyumbani. Kirudishe kwa wote. Hata kama ni mstari mmoja. Hasa kama ni mstari mmoja.

Tuanzie chini kabisa, ili asiachwe mtu.

Kuna hifadhidata inaitwa PostgreSQL, wenyewe tunaiita Postgres. Ilianza 1986 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina la PostgreSQL ikalipata 1996. Ni ya bure na ni huria, yaani msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuutumia. Usidhani ni kitu cha mbali. Zahanati zetu zinapopeleka ripoti za mwezi, watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wamepatikana na malaria, zile namba zinaingia kwenye mfumo wa taifa uliojengwa juu ya DHIS2. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima 2011. Na DHIS2 chini yake hukaa juu ya Postgres. Kwa hiyo mtoto akidungwa sindano huku Tana River, kuna safu fulani kwenye jedwali la Postgres inaongezeka moja. Manze, hiyo mimi ilinishika.

Uzuri wa Postgres ni kwamba unaweza kuiongezea uwezo bila kuibomoa. Hivyo vya kuongezea vinaitwa viendelezi. PostGIS, ambayo ilitoka mara ya kwanza 2001, ni kiendelezi. Ndiyo inayoifanya Postgres ielewe ramani, umbali na mipaka. Lakini Postgres yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C, na kwa miaka mingi ukitaka kuandika kiendelezi kizito ilibidi uandike kwa C pia. C haina huruma. Ukikosea kumbukumbu kidogo tu, haikuonyi, inakuangusha.

Hapo ndipo inaingia pgrx. Zamani iliitwa pgx, jina likabadilishwa 2023. Ni mfumo huria unaokuwezesha kuandika viendelezi vya Postgres kwa lugha ya Rust, ambayo inakukagua mapema kabla hujajiumiza. Ila Rust na C ni watu wa ng'ambo mbili za mto. Rust haijui fanksheni gani ziko upande wa C mpaka aambiwe.

Anaambiwaje? C huwa na faili za vichwa, zinaishia na .h. Ndani yake hakuna kazi yenyewe, kuna matangazo tu: kuna fanksheni ya jina hili, inapokea hivi, inarudisha vile. Ni kama ubao pale kivukoni unaosema ng'ambo kuna nani na anauza nini. Kwenye pgrx kuna folda, pgrx-pg-sys/include, na ndani yake kila toleo la Postgres linaloungwa mkono lina faili yake; nilipofanya kazi hii zilikuwa pg13.h, pg14.h, pg15.h na kuendelea. Faili hizo ni orodha ndefu ya mistari ya namna hii:

#include "utils/builtins.h"

Basi. Kisha chombo kinachoitwa bindgen kinasoma orodha hiyo, kinafungua vichwa vyote vilivyotajwa, na kinatengeneza viunganishi vya Rust vyenyewe. Kichwa kikiwa kwenye orodha, au kikiletwa na kilicho kwenye orodha, unakipata. Kisipokuwa, kwa Rust ni kama hakijawahi kuzaliwa, hata kama Postgres yenyewe inakitumia kila sekunde.

Sasa kisa changu. Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024, nilianza mradi mdogo wa kuhifadhi vipimo vya kina cha mto. Jamaa wanasoma alama kwenye nguzo, wananitumia kwa simu, mimi naingiza kwenye Postgres. Siku nyingine hakuna anayetuma, kwa hiyo nikataka kiendelezi cha kujaza yale mapengo na kupiga kelele maji yakipanda kwa kasi. Nikaandika kwa pgrx. Kila kitu poa mpaka nikahitaji fanksheni moja ya ndani ya Postgres. Iko. Nimeiona kwa macho yangu kwenye msimbo. Lakini Rust ikaniambia haijui jina hilo. Kichwa chake hakikuwa kwenye orodha.

Nikafanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Nikapiga njia ya mkato. Nikanakili tangazo la ile fanksheni na muundo wake wa data kutoka toleo la 16, nikaandika kwa mkono ndani ya mradi wangu, nikafunga mlango. Ikafanya kazi! Nikaposti hata picha nikitabasamu.

Siku chache baadaye rafiki yangu akaiweka kwenye mashine yake yenye toleo la 15. Sava ikaanguka. Na Postgres ikiona mchakato mmoja umekufa vibaya, haimfukuzi huyo peke yake. Inakata wote waliounganishwa, inaanza upya na kujitengeneza kutoka kwenye kumbukumbu zake za uandishi. Kama hiyo ingekuwa sava yenye watu mia wanaofanya kazi, wote mia wangekatwa kwa sababu ya uvivu wangu.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, muundo wa data unaweza kubadilika kutoka toleo moja hadi lingine. Sehemu inaongezwa katikati, zinazofuata zinasogea, na wewe uliyenakili kwa mkono unasoma nyumba ya jirani ukidhani ni yako. Pili, na hii ndiyo sikuijua kabisa, Postgres ikipata kosa huwa inaruka. C ina kitu kinaitwa longjmp: inatoka hapa ghafla mpaka kule nyuma bila kupita njiani. Rust inategemea kupita njiani ili isafishe vitu vyake. Viunganishi ambavyo pgrx inatengeneza yenyewe vimezungushiwa ulinzi unaodaka ule mruko na kuugeuza kuwa kitu ambacho Rust inakielewa. Tangazo langu la mkono halikuwa na ulinzi wowote. Nilivuka mto bila mtumbwi, nikashangaa kwa nini nimelowa.

Kwa hiyo nikarudi kufanya kwa njia inayotakiwa. Nikaongeza kichwa kwenye orodha ya kila toleo nililokuwa nalo, 13 hadi 17. Mistari mitano. Usiku mzima umeenda wapi basi? Umeenda kuhakikisha. Kuna vichwa vilivyopo toleo moja na havipo lingine. Mfano utils/wait_event.h: ilitengwa kuwa faili ya peke yake kwenye toleo la 14, kabla ya hapo mambo yake yalikuwa ndani ya pgstat.h. Ukiiweka kwenye pg13.h, hakuna kitakachojengeka. Tena kuongeza kichwa hakuleti kila kitu. Makro za C hazigeuki kuwa fanksheni kwa bindgen, na ukizitaka ni kazi nyingine. Pia kila kichwa kinaongeza mzigo kidogo kwa kila mtu anayejenga mradi wake, kwa hiyo lazima uwe na sababu.

Stima ilipotea mara mbili usiku huo. Laptopu yangu betri yake ni ya kubembeleza. Alfajiri ndiyo majaribio yakapita, mama akanikuta hapo na swali lake.

Nikamtumia rafiki yangu wa Nairobi ujumbe wa sauti nikijigamba. Akacheka. "Kaka, mistari mitano? Hiyo ndiyo umekesha nayo? Wenzako wanajenga app, wewe unaongeza jina kwenye orodha. Halafu bure! Hizo kampuni kubwa zinazouza Postgres kwenye wingu, zimekutumia hata bando?"

Siwezi kumdharau, kwa sababu ana hoja, tena nzito. Ni kweli kuna kampuni zinatengeneza pesa ndefu kutokana na programu huria, na kijana wa Wenje anayenunua bando kwa pesa ya maembe hapati hata shilingi. Mtu akikwambia "changia tu, ni vizuri" bila kutaja hilo, anakupiga siasa. Muda ni mali. Stima ni mali. Sitawaambia mkeshe kila siku kwa ajili ya tajiri msiyemjua.

Lakini angalieni upande wa pili wa hesabu. Kila mwaka Postgres inatoa toleo kuu jipya, na kila toleo linatunzwa miaka 5 hivi. Ukiweka kiraka chako nyumbani, umejiajiri. Kila mwaka utakirudia. Kila mwaka utakagua kama ule muundo umesogea. Siku utakayosahau ndiyo siku sava itaanguka. Ukikirudisha kwenye mradi wenyewe na kikakubaliwa, kinajaribiwa pamoja na vingine vyote, na toleo jipya likija kinasafiri nalo. Kwa hiyo hapa simfanyii tajiri kazi, nautua mzigo wangu. Na yule wa Mwanza au Kampala atakayehitaji fanksheni ileile hatakutana na ukuta niliokutana nao, wala hatapiga ile njia ya mkato yangu na kuangusha sava ya watu.

Halafu kuna suala la jina. Sisi watu wa Tana tunalijua hili kuliko wengine. Wimbo wa taifa wa Kenya, ule unaosimamisha kila mtu, sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyeutoa wakati wimbo wa taifa unatungwa 1963. Mchango wa Tana River uko kwenye kila shule, kila gwaride, kila mechi ya Harambee Stars. Lakini uliza darasa lolote jina la huyo mzee uone wangapi watanyoosha mkono. Tulichanga, jina likabaki pembeni.

Kwenye Git, mchango wako unahifadhiwa na jina lako, tarehe yake, na mstari wenyewe ulioubadilisha. Miaka 10 ijayo mtu anaweza kuuliza "huu mstari uliwekwa na nani, kwa sababu gani?" na jibu likatoka hapo hapo. Jina halinunui bando, najua. Ila ni ushahidi ambao hakuna anayeweza kukunyang'anya, na una uzito kuliko vyeti vingine vya kozi za wiki mbili tunavyotundika ukutani. Mnaofundisha vijana kuprogramu na mnaowaajiri, tafadhali anzeni kuuhesabu. Kijana akija na mstari mmoja uliokubaliwa kwenye mradi unaotumiwa na watu, muulizeni alifikaje pale. Mtasikia mengi kuliko kwenye cheti.

Najua pia kinachowazuia wengi wenu si uvivu. Ni woga. Kiingereza changu kitachekwa. Watauliza maswali nisiyoyajua. Mimi ni nani? Nami nilikaa na ule mchango siku mbili bila kuutuma. Nikaandika maelezo, nikafuta, nikaandika tena.

Kilichonisaidia ni kuelewa kwa nini wale watunzaji wanauliza maswali mengi. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu alikuwa amejipenyeza polepole kwenye mradi huria unaoitwa xz, akajenga imani kwa muda mrefu, kisha akapachika mlango wa siri. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa watu wanaoitengeneza Postgres yenyewe, baada ya kuona mambo yanachelewa kidogo kuliko kawaida kwenye mashine yake. Nusu sekunde hivi! Kwa hiyo mtunzaji akikuuliza "kwa nini unahitaji hiki kichwa?" hakudharau. Analinda nyumba. Ungetaka zahanati yako itegemee programu ambayo mlango wake unafunguliwa kwa yeyote anayebisha?

Na tuwe wakweli, kuna wachangiaji wanaowachosha hawa watu bure. Oktoba 2020 kulikuwa na shindano la Hacktoberfest la kutuma michango upewe tisheti. Miradi ikafurikwa na takataka, mtu anaongeza neno moja lisilo na maana ili ahesabiwe. Waandaaji ikabidi wabadilishe sheria katikati, miradi ikawa inajiandikisha yenyewe kwanza. Usiwe huyo. Mstari mmoja unaouhitaji kweli ni mchango. Mistari 100 ya kutafuta sifa ni usumbufu.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, fanya hivi. Usiende kutafuta mahali pa kuchangia kama anayetafuta kibarua. Jenga kitu chako, na siku ukigonga ukuta, angalia kama ukuta huo ni wa kila mtu. Usipakue kila toleo la Postgres kwa pamoja, cargo pgrx init ina uwezo wa kuchukua toleo moja tu, bando lako litakushukuru. Msimbo wa matoleo mengine unaweza kuusoma mtandaoni kuona kama kichwa chako kipo. Jaribu kwenye mashine yako kwanza. Kisha andika maelezo mafupi: nilikuwa najenga hiki, nilihitaji fanksheni hii, iko kwenye kichwa hiki, kipo matoleo haya, hakipo yale. Kiingereza cha kawaida kinatosha. Watu hao wanasoma msimbo, hawasahihishi insha.

Mchango wangu nimeutuma. Ninapoandika hapa bado unasubiri kukaguliwa. Huenda wakaukubali, huenda wakaniambia kuna njia bora, na hiyo pia nitaileta hapa muione, nzuri au mbaya.

Jioni ile mama alirudi na debe la maembe, akakaa uani. Nikamwambia, "Mama, uliuliza ile kazi inamfaa nani. Inamfaa atakayefuata. Mimi nimeshakwama, nimeshatoka. Sitaki na yeye akwame palepale."

Akamenya embe, akafikiri kidogo. "Na huyo atakayefuata unamjua?"

"Simjui."

"Haya," akasema, akinipa kipande. "Lakini usiku huu ulale."

Nililala. Sasa zamu yenu. Kile kiraka ulichokificha kwenye laptopu yako kwa sababu "ni kidogo tu," kitoe.